Paka Wanne na Kiti cha Mama

Tarehe 2 Februari

Wifi,

Salamu nilikuwa nazo nyingi, nimezipunguza nilipofika kwenye karatasi. Zilizobaki mpe mama. Kaka yangu naye akirudi na lori lake mwambie dada yake bado yu hai.

Usishangae kuona barua. Mama hakuwa karani wa mahakama miaka thelathini bure. Sisi tukiwa wadogo, aliyekuwa na malalamiko juu ya mwenzake alipewa karatasi, akaandika, akatia tarehe na sahihi, ndipo mama akasikiliza. Ya mdomo hakuyataka kabisa. Simu ni ya kusalimiana. Ugomvi wa nyumba ile huandikwa. Basi naandika.

Binamu yetu muuguzi alipita hapo wiki iliyopita kumjulia mama hali. Hakumaliza nusu saa. Anasema nyumba inanuka mkojo tangu mlangoni, na mama amekaa humo humo kwenye kiti chake cha dirishani, anasoma gazeti kama hakuna kitu. Yeye aliona haya kuuliza. Mimi haya sina.

Kazi yangu unaijua: nakagua vyumba vya hoteli, arobaini kwa siku, vikishasafishwa. Naingia, nasimama katikati, navuta pumzi mara moja, na nakuambia aliyelala humo alikuwa mvuta sigara au alikuwa na mtoto wa kunyonya. Pua hii ndiyo inayonilisha. Kwa hiyo usiniletee hadithi za bomba la choo kuziba. Mama yangu ana miaka sabini na minane, na wewe unashinda sebuleni na cherehani, unashona mapazia ya watu. Mtu mzima analowa, hakuna wa kumwangalia. Hilo halihitaji mpiga ramli.

Nimempatia nafasi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mtaa wa pili kutoka kazini kwangu. Nimekagua vyumba vyake mwenyewe, na pua yangu haikupata la kusema. Tarehe 28 Machi nakuja na gari kumchukua. Kaka nimeshamwambia, akajibu kama kawaida yake, "ongeeni nyinyi wanawake." Mimi kwa upande wangu nimeshaongea.

Kama una la kujitetea, andika. Kama huna, anza kufunga nguo zake, na uzifue kwanza.

Binti wa mwenye nyumba


Tarehe 7 Februari

Wifi yangu mwenye pua,

Barua yako nimeichukua ofisi ya mabasi na kuisoma nikiwa nimesimama, maana hasira haikuniachia kukaa. Mama sijamwonyesha. Anachojua ni kwamba utakuja mwezi wa tatu, na amefurahi, maskini. Anadhani unakuja kumsalimia.

Mama yako haendi popote. Nakuambia mapema usije ukahangaika na gari. Nyumba hii kaijenga yeye, chumba kimoja kimoja, kila akipandishwa cheo anaongeza chumba. Ameniambia mara nyingi kuliko nywele zangu: hapa atatoka amebebwa, hatatoka anatembea. Wewe hujamsikia kwa sababu kusikia kunataka mtu awepo.

Sasa harufu. Harufu ipo, sikatai, mimi si mwongo. Ni paka. Tunao wanne, kama umesahau. Hakimu ni wa mama, dume mzee aliyehasiwa zamani, analala juu ya sanduku la faili. Mpangaji aliingia mwenyewe kwa mlango wa nyuma mwaka juzi, akapapenda, hajatoka mpaka leo. Bibi Harusi ni wangu, jike jeupe, nimemlea kwa chupa, msafi kuliko watu wengine ninaowaandikia. Wa nne ni Balozi, na huyo humuulizi mtu. Ulimleta wewe mwezi wa kumi ndani ya kikapu chenye utepe, ukamwambia mama "nimekuletea mwenzio." Kumbe umenunua makochi meupe na paka amekushinda. Zawadi hiyo tumeijua.

Tangu Balozi aingie, raha imekwisha. Asubuhi naamka nakuta pazia lina alama, mlango una alama, mguu wa cherehani una alama. Mmoja wao anageuza mgongo, anainua mkia juu, mkia unatetemeka, anarusha. Hata kumshika sijawahi, wananisubiri nitoke. Mwezi uliopita mwalimu mkuu mmoja amenirudishia mapazia sita ya sebule yake mpya, ameyabeba kwa vidole viwili, akaniuliza kama siku hizi nashonea chooni. Sikumwangalia usoni, na sasa namshonea mengine upya.

Basi nieleze wewe mwenye pua ya mshahara. Mama yako, na magoti yake yale, anawezaje kurusha mkojo kwenye pazia, kimo cha goti, tena kwa kutumia mgongo?

Wifi yako, fundi wa mapazia


Tarehe 12 Februari

Wifi,

Nimecheka, nakiri. Halafu nikasoma tena nikaacha kucheka.

Balozi amehasiwa. Cheti kilikuwa ndani ya kikapu, chini ya utepe huo unaoukumbuka vizuri. Alipokuwa kwangu hakuwahi kurusha hata tone, na makochi yangu yashuhudie. Nyumba yangu ilikuwa na paka mmoja na mtu mmoja mwenye akili. Hapo kwenu paka wameongezeka, akili haikuongezwa.

Halafu mbona umejibu pazia tu? Mimi sikukuandikia habari ya pazia. Binamu anasema harufu kali ilikuwa kwenye kiti cha mama. Yeye ni muuguzi wa wodi ya wazee, kiti cha mzee anakijua. Pazia umelieleza kurasa mbili, kiti hukukigusa. Mimi nikiingia chumbani, mhudumu akinionyesha sana kitanda, naenda moja kwa moja bafuni.

Unasafishia nini? Najua, klorini ya kufulia, unamwaga mpaka macho yanawaka, halafu unafungua dirisha na kujisifu. Hapo harufu inakuwa mbili. Ni ushamba tu, na ushamba una dawa: kuuliza.

Kama ni paka, thibitisha. Mwite daktari wa mifugo aje atazame. Nipe jina la paka na mahali alipokojoa. Mpaka hapo nafasi ya mama iko palepale na tarehe iko palepale.

Binti wa mwenye nyumba


Tarehe 20 Februari

Wifi,

Daktari amekuja. Usiniambie umesema wewe, nilishamwazia kabla.

Ni mzee mfupi mwenye buti za mpira, kutwa yuko na ng'ombe wa watu. Amesimama sebuleni kwangu akatazama paka wanne, akanitazama mimi, akasema, "Mama, umeniita kwa hawa?" Nikamwambia hawa hawa. Akauliza beseni la mchanga liko wapi. Nikamwonyesha, lipo bafuni. Akauliza mengine. Nikasema ni hilo. Akavua kofia. "Wewe ungekubali choo kimoja na watu watatu usiowapenda?" Nikakumbuka likizo ile uliyokaa hapa, nikamwelewa mara moja.

Amesema mabeseni yawe matano, kila paka na lake na moja la ziada, tena yasipangwe pamoja kama viatu vya msibani. Amesema klorini niache, kwa hiyo hapo ulipatia, furahi, si jambo la kila siku. Paka akinusa ukali ule anaona kuna mwingine amepita, anarudia palepale. Siki ya jikoni nayo haitoshi. Ameniachia dawa inayokula mkojo wenyewe, napaka naiacha ikauke.

Kuhusu nani anayerusha, ana ujanja wake. Ile rangi wanayotumia kupimia macho, anaiweka kwenye kidonge. Paka mmoja anameza leo, mkojo wake wa kesho unatoka kijani kibichi, na ukimulika kwa taa yake ya zambarau unawaka ukutani. Unangoja siku chache rangi iishe, unampa mwingine. Mama alikuwa kwenye kiti chake akamwambia rangi hiyo anaijua, daktari wa macho alimtia mwaka juzi akalia machozi ya kijani ukumbi mzima wa hospitali ukamtazama. Walicheka wawili hao kama wamesoma pamoja.

Tumeanza na Balozi wako. Nasubiri kwa hamu. Bibi Harusi nimemwambia daktari asimsumbue, majike hayarushi.

Na kiti nacho ni paka. Wote wanakipenda kile kiti. Sasa nimekigusa, umeridhika?

Fundi wa mapazia


Tarehe 8 Machi

Kwa Msimamizi wa Vyumba,

Umeniandikia barua mbili kwa wiki moja, ya pili na mhuri wa hoteli. Wenye ng'ombe huwa wananisubiri zizini tu. Najibu mara moja ili nirudi kwenye kazi niliyosomea.

Shemeji yako, au wifi yako, mtajuana, aliniambia atakutumia majibu. Naona hajatuma. Ni haya.

Balozi: amepewa rangi, hakuna alama yoyote ukutani. Paka wa watu hana kosa. Anajificha chini ya kabati na anaogopa kila kitu.

Hakimu: hakuna alama. Huyo hawezi hata kuinua mkia.

Bibi Harusi: alama kumi na moja. Pazia la mbele, pazia la nyuma, mlango, cherehani, begi la fundi mwenyewe. Majike yanarusha, hata yaliyofungwa kizazi, nilimwambia mwanzo akanitazama kama nimemtukania mama yake. Alikuwa mke wa nyumba, akaletewa dume mgeni, na kila siku anamwona dume mwingine wa mtaani kupitia dirisha la chini. Anaweka sahihi yake kila mahali. Si uchafu, ni hofu. Nimeagiza dirisha lile lizibwe kwa karatasi, yeye na Balozi watenganishwe vyumba na kujuana upya polepole, kila mmoja apate mahali pa juu pa kukaa. Kwa siku sita sasa hakuna alama mpya.

Mpangaji sikumpa. Mwizi amepatikana, sina haja ya kukamata mtaa mzima. Kidonge chake nilikiacha kabatini kama akiba.

Umeuliza kiti. Paka anayerusha husimama na kulenga ubavuni mwa kitu. Kiti kimelowa katikati ya mto. Zaidi ya hapo sina la kusema. Mimi ni daktari wa wanyama.

Daktari wa Mifugo


Tarehe 10 Machi

Wifi,

Alama kumi na moja. Nimezisoma kwa sauti jikoni kwangu, peke yangu, nikaongeza maji ya chai.

Msafi wako wa kulelewa kwa chupa. Jike jeupe. Nyani haoni kundule, nilisikia tangu mdogo, lakini sikujua nyani anaweza kuliandikia sifa kabisa na kutia sahihi. Miezi mitano umemsema Balozi wangu, na yule maskini yuko chini ya kabati anaomba Mungu. Halafu majibu unayo mkononi, umenyamaza. Ndiyo maana nilimwandikia daktari mwenyewe. Mhudumu akichelewa kutoa ripoti, ripoti ni mbaya.

Sasa tuache paka. Daktari amesema mto umelowa katikati. Kuta zimekauka siku sita. Na kiti? Kimekauka?

Nakuuliza mara moja tu, na ujibu kama mtu mzima. Ni mama?

Binti wa mwenye nyumba


Tarehe 13 Machi

Wifi,

Bibi Harusi ni mkosaji. Nimekosea, Balozi hana hatia, na nimempa samaki mbele ya mashahidi. Sikukuandikia kwa sababu nilijua utaongeza maji ya chai. Umeridhika? Hilo limekwisha.

Kuta ni kavu. Leo mwalimu mkuu amekuja kuchukua mapazia yake mapya, ameyanusa mlangoni kwangu bila aibu, akayabeba.

Kiti ni paka.

Usinizungushe. Ni paka, na ukija na daktari wa mifugo, na binamu yako muuguzi, na hakimu wa kweli mwenye joho, nitasema ni paka. Mto ule naufua mimi. Nauondoa asubuhi, mama akiwa anaoga, na naweka mkavu kabla hajatoka. Nina miwili inayofanana, nimeishona mwenyewe. Wewe uko wapi saa hiyo? Uko kwenye chumba cha arobaini unanusa mashuka ya wageni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na fimbo ya mbali haiui nyoka. Mtu wa kukagua hatukosi hapa. Tunachokosa ni wa kufua.

Na hata ingekuwa si paka, nasema ingekuwa, kosa lake ni lipi hata afungiwe mizigo? Mama anakula, anasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, ananisahihishia risiti za wateja kwa kalamu nyekundu. Mkimtoa hapa mtakuwa mmemzika mkiwa mmemvalisha nguo safi.

Andika jina la paka lolote unalotaka. Mpangaji hajali.

Fundi wa mapazia


Tarehe 16 Machi

Wifi,

Paka gani anafuliwa mto kwa siri?

Nimeshapata jibu langu, asante. Mimi si adui wa mama, usijitie wewe ndiye uliyezaliwa naye. Anahitaji watu waliofundishwa, vitambaa vya kuzuia, daktari. Wewe unampa uongo na mito miwili. Aibu yako ndiyo inayomlowesha.

Tarehe 28 saa nne asubuhi nitakuwa mlangoni na gari. Nguo zake ziwe zimefungwa.

Binti wa mwenye nyumba


Tarehe 20 Machi

Kwa binti yangu, kwa njia ya basi.
Nakala kwa mkwe wangu, kwa kupitishwa chini ya mlango wa chumba chake.

Ya tarehe 16 nimeipokea mimi. Mkwe alikuwa ameenda kupima madirisha ya zahanati, kijana wa ofisi ya mabasi akagonga, nikatia sahihi. Bahasha imeandikwa nyumba yangu. Nikaifungua. Nikaona ni jalada ambalo limeanza zamani bila mimi, nikaingia kwenye droo ya mkwe, chini ya vipete vya mapazia, nikatoa yaliyobaki: zako, nakala za zake, na ile ya daktari uliyomwambatishia. Ndiyo, nilipekua. Nimefanya kazi na polisi nusu ya maisha yangu, kupekua si jambo la kunipa haya.

Nimesoma zote mara mbili. Kwanza niseme nimeona aibu kwa uandishi wenu. Nimewafundisha kuandika malalamiko, mmoja anaandika habari za pua, mwingine habari za kunguni. Tarehe mmetia, hapo mmefaulu. Shahidi pekee mwenye akili kwenye jalada hili ni mtu wa ng'ombe.

Pili, mimi ndiye ninayezungumzwa kuanzia ukurasa wa kwanza, na hakuna aliyeniita kutoa ushahidi. Hata mwizi wa kuku huulizwa. Kwa hiyo nimejiita mwenyewe.

Kidonge cha Mpangaji kilikuwa kabatini. Nilikimeza usiku huo huo na maziwa. Msianze kupiga kelele, rangi ile imeshaingia machoni mwangu na sikufa. Asubuhi nilikaa kwenye kiti changu kama kawaida, nikasoma gazeti kama kawaida, na sikuhisi kitu chochote. Hilo ndilo lililonitisha baadaye, kwamba sikuhisi. Saa nne nikasimama, nikageuka, nikatazama. Mto ulikuwa kijani kibichi, duara zima, kama mtu ameponda majani ya mgomba juu yake. Taa ya daktari haikuhitajika.

Nililia. Naandika ili iwe kwenye kumbukumbu. Nililia nimesimama, nimeshika meza, na Hakimu akanitazama kutoka juu ya sanduku.

Binti yangu, ni mimi. Ulichohisi ni kweli. Lakini sikia kile ambacho pua yako haikukuambia. Mimi nilikuwa sijui. Miezi mitano mkwe huyu ananiambia ni paka, jicho kavu, hata kope haipepesi, na mimi karani wa mahakama niliyesikiliza waongo wa kila aina, nikaamini. Nilimrushia Hakimu kandambili mara tatu. Nimeshamwomba radhi. Watu husema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mimi sijafa, lakini mwosha nimeshampata, na hakuna mtu mtaani aliyesikia neno kutoka kwake. Hata mimi mwenyewe alinificha.

Mkwe wangu, na wewe usivimbe kichwa. Umekosea. Binti yangu amesema kweli kwamba uongo na mito miwili si dawa. Ungeniambia tangu mwezi wa kumi ningekwenda hospitali mwezi wa kumi. Mimi si pazia la kupakwa dawa nikiwa sijui. Kesho tunakwenda kwa daktari wa watu, nimeshamwambia mwanangu kwa simu aache lori lake popote lilipo aje atupeleke. Alianza "ongeeni nyinyi." Nikamwambia naongea mimi, na nimemaliza. Anakuja.

Sasa uamuzi. Siondoki kwenye nyumba yangu. Siku nikitaka kuondoka nitaandika kwa mkono wangu, nitatia tarehe na sahihi, na mtaisoma. Bila karatasi hiyo, yeyote atakayenipakia kwenye gari amenipora.

Nina jambo moja kwako, binti yangu, ambalo sikukusudia kulitaja kamwe. Wewe ulikojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Godoro nilikuwa nalianika nyuma ya jiko, na jirani akiuliza, shangazi zako wakiuliza, hata baba yako akiuliza, nilisema ni paka. Tulikuwa na paka mmoja tu wakati huo, wa kijivu. Baba yako alimpiga sana. Nilimwona anapigwa na nikarudia kusema ni yeye, kwa sababu wewe ulikuwa umesimama mlangoni unanitazama. Hukuwahi kujua, kwa kuwa hata wewe nilikuambia ni paka, na jioni ulikuta godoro limekauka. Hivyo ndivyo ulivyopata hiyo shingo ndefu unayotazamia watu.

Jalada nimelifunga. Nimeliweka kwenye sanduku, chini ya Hakimu.

Karani wa mahakama, mstaafu, mwenye nyumba


Tarehe 24 Machi

Wifi,

Barua ya mama nimeisoma kazini, kwenye chumba cha kumi na saba, nimekaa juu ya kitanda kilichotandikwa, jambo ambalo ningemfukuzia mhudumu. Vyumba ishirini na tatu havikukaguliwa siku ile. Wageni hawakufa.

Usidhani nimekusamehe yote. Mwezi mzima ulinidanganya kwa maandishi, na Balozi ulimchafulia jina. Klorini bado ni ushamba. Mama amenipigia kunisomea alichoandika daktari, kidonge kimoja asubuhi, mazoezi, na kile kitambaa cha kuweka juu ya mto, ndicho hicho hicho nilichokuambia tarehe 16. Nilikuwa sahihi na nataka ijulikane.

Nyumba ya wazee nimeifuta. Msimamizi wake aliniuliza kwa nini, mbona fomu inasema mzee anajilowesha. Nilimtazama. Nikamwambia tulikosea, mama yangu hana tatizo lolote, ni paka.

Gari sikodi tena. Nakuja na basi tarehe 28, na nimechukua likizo wiki tatu. Nitalala chumba cha Balozi, kama Bibi Harusi wako ataniruhusu.

Siku hiyo asubuhi usiufue mto. Niachie.

Binti wa mama